Jua la Dodoma na Tundu la Ozoni

Husemwa kwamba joto la Dodoma limeongezeka kwa kuwa tabaka la ozoni limetoboka. Sivyo. Tundu hilo hufunguka juu ya Antaktika, na joto la dunia huchochewa zaidi na kabonidioksidi. Mambo haya mawili hukutana kwenye jokofu, hata lile la chanjo: gesi zake za zamani, klorofluorokaboni, zilikula ozoni na kunasa joto, hidrofluorokaboni zilizozirithi haziharibu ozoni, ila joto hulinasa kwa nguvu, ndiyo maana mataifa yakakubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Ozoni na ipone. Bado miale ya urujuanimno itabaki mikali katika uwanda huu wa juu, karibu na ikweta. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu hata siku ya mawingu, na kidonda cha ngozi kisichopona kipimwe mapema.