Je, Wajua? Panya Wanaosahau kwa Ajili Yetu

Sogea hapa nikupe ya leo! Je, wajua kwamba panya wa kawaida, hata azeeke vipi, hapati Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau? Protini inayoganda kwenye ubongo wa mgonjwa ina pingili 42. Ya panya imepishana na yetu kwa pingili 3 tu, nayo haigandi ovyo!

Je, wajua wanasayansi walifanyaje ili wapate panya mgonjwa wa kuchunguza? Walimpandikizia panya jeni ya binadamu ya protini hiyo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakatangaza kwamba wamempata panya mwenye madonge ya protini kama yetu.

Je, wajua panya hao hufanyiwa mtihani wa kuogelea? Aliyeubuni ni Richard Morris, mwaka 1981. Maji hutiwa maziwa yasionyeshe chini, na jukwaa dogo hufichwa humo. Panya mzima akishajifunza hulifuata moja kwa moja. Mgonjwa huzunguka kama mgeni aliyepotea Kariakoo!

Na mtihani wa malazi je? Jioni panya hupewa kipande cha pamba. Mzima hukesha akikichambua, na kukicha kiota ki tayari. Mgonjwa mara nyingi hukiacha karibu kama alivyokikuta.

Usidhani ni panya peke yake! Kuna mnyoo wa milimita 1, mwenye seli 302 tu za neva. Wewe unazo kama bilioni 86. Akipandikizwa jeni ya protini ile, hupooza. Huishi wiki chache tu, kwa hiyo jibu halichelewi.

Je, wajua vile vijinzi vinavyozengea ndizi mbivu vina kazi maabara? Kama robo tatu ya jeni zinazohusika na magonjwa ya binadamu zina ndugu zake ndani ya kijinzi hicho. Ukikifukuza jikoni, kiombe radhi!

Na mbwa? Huyo hahitaji kupandikizwa kitu: protini yake ni sawa na yetu, pingili kwa pingili. Mbwa mzee anaweza kupotea ndani ya nyumba aliyokulia, au kusimama upande wa bawaba za mlango akingoja ufunguke hapo.

Shika na hili la mwisho. Mwaka 1999 panya wale waliopandikizwa jeni walichanjwa dhidi ya protini ile, madonge yakapungua sana. Walipochanjwa watu, jaribio likasimamishwa mwaka 2002, kwani asilimia 6 hivi ya waliochanjwa walivimba ubongo. Panya wameshapata nafuu mara nyingi. Sisi bado tunasubiri tiba ya kuponya.