Homoni za Ukomohedhi na Damu Kuganda: Kidonge au Plasta?

Basi la usiku kutoka Kitale hadi Nairobi huchukua takriban saa nane. Abiria akikaa kitako muda wote huo, misuli ya miguu haisukumi damu ipasavyo kurudi moyoni. Damu hutuama kwenye mishipa ya ndani ya mguu na, kwa wachache, huganda. Bonge hilo likimeguka na kufika mapafuni, linaweza kuua.

Wengi hushuka salama. Lakini abiria akiwa mama aliyekoma hedhi, anayetumia homoni kutuliza joto la ghafla na jasho la usiku, huenda hatari yake ikawa kubwa zaidi. Ukubwa wake unategemea sana njia ambayo homoni imeingilia mwilini.

Estrojeni iliyomezwa hufyonzwa utumboni na kupelekwa kwanza kwenye ini, jinsi lori linalotoka Malaba kwenda Eldoret linavyolazimika kuingia kwenye mizani ya Webuye. Ini likipokea dozi hiyo nzima, huzidisha protini za kugandisha damu na kupunguza zile zinazozuia mgando, kama vile antithrombini. Estrojeni ya plasta au jeli hupenya ngozi na kuingia moja kwa moja kwenye damu, hivyo ini halipati mzigo wote kwa mkupuo.

Hofu ya homoni ilitanda Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulipositisha mapema majaribio ya kidonge kimoja. Kilikuwa na estrojeni iliyotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, pamoja na medroksiprojesteroni. Kati ya kila wanawake 10,000 waliokimeza, 34 kwa mwaka walipata mgando; kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa 16. Hatari iliongezeka maradufu, ingawa waliozidi ni 18 tu katika kila 10,000. Tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, ilhali wengi huhitaji nafuu wakiwa na miaka hamsini hivi.

Mwaka 2019, watafiti wa Uingereza walichunguza rekodi za wanawake zaidi ya 80,000 waliowahi kuganda damu, wakawalinganisha na wasiowahi. Vidonge vya homoni vilihusishwa na ongezeko la hatari la asilimia 58. Plasta na jeli hazikuonyesha ongezeko.

Kabla ya kuanza dawa, daktari anahitaji kujua kama uliwahi kupata mgando, wewe au ndugu wa damu. Kama una uzito mkubwa, saratani, au upasuaji ulio karibu. Katika maeneo ya malaria kama Bungoma, ambako jeni ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, imeenea zaidi, hilo nalo ni la kutaja. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja huishi bila kuugua, lakini tafiti za Wamarekani weusi zimeonyesha kuwa hatari yake ya mgando mapafuni ni takriban maradufu. Mwenye mojawapo ya mambo haya aulize kuhusu plasta kabla ya kukubali kidonge.

Hatari ya vidonge huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, jirani anaweza kusema umekanyaga uchawi, mwingine akaleta mafuta ya kukandia. Usikandwe. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti upigwe picha ya mshipa. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikichoma unapovuta hewa, usingoje asubuhi. Mgando unatibika: matibabu mara nyingi huanza kwa sindano ya heparini, kisha vidonge kama warfarini, ambavyo dozi yake hurekebishwa kwa kupima damu mara kwa mara. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ina kliniki ya kazi hiyo inayoendeshwa na wafamasia.

Homoni hizi zimewarudishia wanawake wengi usingizi. Zinastahili kuandikwa na daktari aliyesikiliza historia yako. Si za kununua kwenye kemisti kwa sababu shoga yako zilimfaa.