Kumsomesha Mtoto Elimu ya Afya: Maneno kwa Wakulima wa Karafuu



Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja alisimama akaeleza kuwa binti yake amefaulu Kidato cha Sita na amekubaliwa kusomea udaktari, na kwamba yeye ameazimia kuziuza karafuu zake zingali juu ya mti, na mikarafuu kumi na mitano kuiweka rehani, ili apate fedha za mwaka wa kwanza. Maneno yalikuwa mengi siku ile na wakati mchache. Wapo waliomsifu, wapo waliomlaumu, na wengi zaidi walitaka kujua elimu yenyewe ni kitu gani hata mtu aitolee shamba. Kamati imetuagiza tuyaandike haya ili kila mmoja ayasome nyumbani kwa utulivu.

Kwanza ifahamike kuwa elimu ya afya si udaktari peke yake. Kwa desturi ya vyuo vya Tanzania, udaktari husomwa miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitali chini ya madaktari wakubwa. Uuguzi wa shahada ni miaka 4, na ufamasia vile vile. Ama kazi ya maabara na afya ya mazingira ni miaka 3 au 4, kwa kadiri ya chuo. Na anayepungukiwa na alama anaweza kuanza na stashahada ya miaka 3 akawa afisa tabibu, akafanya kazi, kisha akarejea chuoni. Njia hiyo ni ndefu, lakini tumewaona waliopita humo wakafika.

Zamani kijana wa visiwani aliyetaka udaktari alivuka hadi Makerere, Uganda, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 1924. Skuli ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu kamili cha Muhimbili. Nasi Zanzibar tunacho Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na kile kilichokuwa Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbweni sasa ni sehemu yake. Basi safari imekuwa fupi kuliko ya wazee wetu.

Mlango wa udaktari ni masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia, na yote matatu lazima mtoto ayafaulu vizuri katika Kidato cha Sita. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoghafilika. Mzee huanza kuuliza khabari za udaktari matokeo yakishatoka, na hali jambo lenyewe lilikwisha amuliwa siku mtoto alipochagua masomo ya sayansi au alipoyaacha. Tena masomo yote huko ni kwa Kiingereza, na majina ya mifupa na mishipa ni ya Kilatini na Kiyunani. Mtoto aliyezoea kukariri chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani hatayaogopa majina hayo. Hilo twalisema kwa kuwa tumepita vyuoni humo, na kukariri si jambo dogo.

Miaka ya mwanzo ni ya kujifunza mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi. Miaka ya mwisho huwa wodini, mbele ya wagonjwa, usiku na mchana. Katika hiyo miaka ya mwanzo limo jambo lililowatia wasiwasi baadhi ya wazee wetu, nalo ni kupasua maiti. Walituuliza kama yafaa katika dini. Sisi si muftii, lakini twajua kuwa Baraza la Fiq-hi la Makka lilikaa juu ya suala hili mwaka 1987, likaruhusu kwa ajili ya kufundishia udaktari, kwa masharti: pawepo na idhini, isizidi haja, na heshima ya maiti ichungwe. Mwenye shaka zaidi na amwendee sheikh wake, asimkataze mtoto kwa dhana tu.

Na kwa wale wanaodhani elimu hii ni ngeni kwetu, zao letu limo humo tangu zamani. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hutuliza maumivu. Madaktari wa meno hukichanganya na unga wa oksidi ya zinki wakapata dawa ya kuzibia jino. Bibi zetu waliweka punje ya karafuu penye jino bovu kabla ya sisi sote kuzaliwa.

Palisemwa pia mkutanoni kuwa msichana ataolewa, na fedha zitakuwa zimepotea. Haya tuliyasikia kwa masikitiko. Ni sisi hawa hawa tunaonung'unika kila mara kuwa wake zetu na mabinti zetu huona haya kuangaliwa na daktari mwanamume wakati wa uzazi, na wengine huchelewa kwenda hospitali kwa sababu hiyo mpaka hali ikawa mbaya. Huyo daktari mwanamke tunayemtaka atatoka katika nyumba ya nani, kama si zetu?

Ama rehani, hapo hatukubaliani na mwenzetu, ingawa nia yake ni njema. Mkarafuu ukizaa sana msimu mmoja, aghlabu hupumzika unaofuata. Masomo ya miaka 5 lazima yataangukia misimu miwili au mitatu ya uchache. Ukiuza karafuu zingali mtini unapata bei ya mwenye shida, na ukiweka rehani mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu utalipa kwa mti upi? Wazee wetu wa miaka ya 1930 waliona mashamba yakielemewa na madeni, na twawajua wajukuu wao.

Ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na ipo ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mtoto aombe mapema, na karatasi zake, khasa cheti cha kuzaliwa, ziwe sawa. Mkopo huenda usitoshe. Chakula, makaazi, nauli ya boti, vitabu na koti jeupe havina budi kupatikana. Kwa hayo, anayejaaliwa msimu mzuri na aweke sehemu kando kabla hajajenga baraza mpya.

Kamati inaleta shauri mbele ya mkutano ujao: kila mwanachama atoe kilo 1 ya karafuu kavu katika kila gunia, ziuzwe pamoja, na fedha zake zikopeshwe bila ya riba kwa wazazi wenye watoto katika elimu ya afya. Mwenzetu tuliyemtaja amekubali kungoja kura hiyo kabla ya kutia saini rehani. Anatakiwa chuoni karibuni, kwa hiyo tunaomba mfike wote, na mwenye watoto wanaosoma sayansi aje na majina yao.