Mchuuzi, Tajiri na Mali Kauli

Mfasiri atakayeandika maelezo ya Kiswahili ya filamu ya Denmark iitwayo Pusher, iliyoongozwa na Nicolas Winding Refn mwaka 1996, atakwama kwenye jina lenyewe. Asili ya neno hilo la Kiingereza ni mtu anayesukuma. Lakini kwetu asukumaye ni mtu wa mkokoteni.

Wengi hukimbilia "mfanyabiashara wa dawa za kulevya". Istilahi hiyo ni pana mno. Frank, mhusika mkuu, ni mtu wa chini katika mitaa ya Copenhagen. Anachukua heroini kwa Milo bila kulipa, kwa ahadi ya kurudisha fedha akishauza. Polisi wanamfukuza, anatumbukia ziwani, na mali inapotea. Deni linabaki, tena linaongezwa. Radovan, mtu wa Milo, ndiye anayetumwa kudai.

Uhusiano huo una majina tayari katika biashara halali ya kwetu. Bidhaa inayotolewa hivyo ni mali kauli. Anayeitoa ni tajiri. Anayeitembeza ni mchuuzi. Hapana haja ya kubuni. Maneno "papa" na "dagaa", yapendwayo na magazeti, yana ladha, lakini hupima ukubwa tu, wala hayasemi nani anamdai nani. Katika filamu ya tatu ya mfululizo huo, ya mwaka 2005, Milo mwenyewe ni mdaiwa. Je, papa amekuwa dagaa? Neno "tajiri" halina taabu hiyo, kwa kuwa mtu huwa tajiri wa fulani, na juu yake aweza kuwapo tajiri mwingine.

Naye "punda", abebaye dawa mwilini au mizigoni kuvuka mipaka, aachwe alivyo. Atakayemsahihisha awe "nyumbu", ati ndivyo kamusi isemavyo, atawapeleka wasomaji Serengeti.

Jambo hili haliishii kwenye filamu. Mkalimani wa mahakama akimwita "mfanyabiashara" kijana aliyekamatwa na kete chache, amemvisha cheo ambacho ushahidi haujampa, na huenda kijana huyo akakilipia kwa miaka. Katika hati, "dawa za kulevya" ndilo neno la Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015. "Unga" libaki vinywani mwa wahusika. Na shahidi akisema "alinipa nikauze", atafsiriwe hivyo hivyo. Kuamua kama ilikuwa mali kauli au kazi ya ujira ni juu ya hakimu.