Sura ya Nne: Kaakaa Halina Jina

Kila ninapoeleza kazi ya kutambua watu kwa vinywa vyao, huulizwa swali moja: "Daktari, si wanasema kaakaa la kila mtu ni lake peke yake? Basi mbona watu wetu wanazikwa bila majina?" Ni swali la haki, hasa likitoka kwa mtu wa Salamabila, mkoani Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vijana hufika huko kutoka Kasongo, Fizi na mbali zaidi kutafuta dhahabu ya Namoya, na shimoni mtu anaweza kukaa mwaka mzima akiitwa kwa jina la utani tu. Shimo likiporomoka, linafukia watu ambao wenzao hawajui hata kwao ni wapi. Kwa mfano, huko Kamituga, Kivu Kusini, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilijaza mashimo na watu wapatao 50 wakafa.

Jibu langu ni hili: kaakaa ni la mtu mmoja, lakini halina jina. Jina hutoka kwa walio hai. Kutambua ni kulinganisha, na kulinganisha kunataka vitu viwili: kile kilichopatikana kwa maiti, na kile kilichowekwa mtu alipokuwa hai. Nitaanza na kaakaa lenyewe, nipite kwenye meno, nimalizie na kazi ya familia.

Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya juu. Utagusa matuta madogo yaliyopangana kushoto na kulia. Hiyo ndiyo mikunjo ya kaakaa, na elimu ya kuisoma ilipewa jina la rugoskopia na Mhispania Trobo Hermosa mwaka 1932. Mikunjo hujitokeza mimba ikiwa na wiki 12 hadi 14 hivi. Haivuki mstari wa katikati, na upande wa kulia haufanani na wa kushoto hata kwa mtu huyo huyo. Mwaka 1955 mtafiti Lysell aliipanga kwa urefu: wenye milimita 5 au zaidi ni mkunjo mkuu, wa milimita 3 hadi 5 ni wa pili, na wa milimita 2 hadi 3 ni kipande. Baada ya urefu tunaandika umbo: umenyooka, umepinda, una mawimbi, au umejizungusha, kisha tunaandika unapoungana na mwenzake na unapogawanyika. Mtoto akikua, mikunjo hurefuka pamoja na taya, lakini mpangilio wake kwa sehemu kubwa haubadiliki. Hata pacha wa kufanana hawana mikunjo iliyo sawasawa.

Mahali ilipo pia ni ngome. Mbele kuna midomo na meno, pembeni mashavu, chini ulimi, juu mfupa. Ndiyo maana uso unaweza kuungua hadi usitambulike, na ukifungua kinywa mikunjo ikawa bado inasomeka.

Watu wakisikia hayo huruka hadi mwisho wa hadithi. Hudhani ipo mashine mahali fulani inayopewa picha ya kaakaa na kutoa jina. Haipo. Interpol huweka mbele njia tatu za msingi: alama za vidole, meno na DNA. Kaakaa huja nyuma yao kama shahidi wa kuunga mkono. Tena mikunjo ya kaakaa ni nyama. Katika joto la Maniema, mwili uliokaa wiki kadhaa hauna tena mikunjo ya kusoma, ilhali jino bado lipo. Kung'oa meno, kuyanyoosha kwa waya na kushona kaakaa lililopasuka navyo huweza kuibadilisha mikunjo hiyo.

Nguvu ya kaakaa inaonekana kwa mzee kibogoyo. Hana jino la kulinganisha, lakini mikunjo anayo. Na kama aliwahi kutengenezewa meno ya bandia ya juu, upande unaokaa kwenye kaakaa una chapa ya mikunjo ile. Seti ya zamani aliyoiacha kwenye kopo kwa sababu ilikuwa inambana ndiyo rekodi yake. Familia nyingi huitupa.

Sasa meno, na hapa nina ugomvi wa siku nyingi. Bado nakutana na watu wazima, wenye shahada, wanaoamini kwamba meno yaliyochongwa yanataja kabila. Wasafiri wa karne ya 19 waliona Wamanyema wenye meno ya ncha wakaandika kwamba ni walaji watu. Uchongaji ulikuwa urembo na alama ya ukubwa, na ulifanywa na watu wengi, kuanzia bonde la Kongo hadi kwa Wamakonde karibu na pwani. Jino lililochongwa linakuambia kwamba mtu alichongwa. Halikuambii ni nani.

Jambo la pili linanikasirisha zaidi, kwa sababu linaumiza watoto. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, mtu humfungua kinywa, huona uvimbe mweupe kwenye fizi, husema ni "meno ya plastiki", kisha huuchokonoa kwa kitu chenye ncha. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Uvimbe ule ni chonge ambalo bado halijaota. Mtoto hupoteza damu, hupata maambukizi, wengine hufa. Anayepona huenda akakua bila chonge, au jino lake la ukubwani likaota limeharibika. Desturi hii iko Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Kwa mtambuzi maana yake ni hii: pale ambapo watoto wengi wamefanyiwa hivyo, pengo la chonge halimtofautishi mtu na jirani yake. Uzito wa alama hutoka kwenye uadimu wake. Meno yenye madoa ya kahawia kutokana na floridi ya maji hayana uzito kwa mtu wa miteremko ya Mlima Meru; mahali ambapo maji hayana floridi nyingi, alama ile ile inakuwa na uzito mkubwa.

Mfano bora wa uadimu ninaoujua hauko kinywani, uko mkononi, na mwenye mkono huo aliishi Kabambare. Nilikusudia kuutaja kwa mstari mmoja, lakini unastahili zaidi.

David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, aliingia Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mnamo Septemba 1869. Alirudi hapo Julai 1870, vidonda vya miguu vikamzuia hadi Februari 1871. Kinywa chake kilikuwa kimeharibika: alimwandikia binti yake Agnes kwamba alivunja meno kwa kung'ata mahindi na vyakula vigumu. Alifariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliutoa moyo wakauzika pale, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwili ulipofikishwa London, walikuwapo waliotia shaka. Waafrika hawa wangewezaje kubeba maiti moja miezi yote hiyo, na nani athibitishe kwamba ndiye?

Sir William Fergusson, daktari wa upasuaji, hakutegemea uso. Alitazama mfupa wa mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko. Huko Mabotsa, Afrika Kusini, mwaka 1844, simba alimshika Livingstone na kuuvunja mfupa huo. Haukuunga sawasawa, ukabaki na kiungo cha uongo. Fergusson alikipata. Tarehe 18 Aprili 1874 mwili ukazikwa Westminster Abbey.

Tazama kilichotendeka. Mfupa peke yake ungesema tu, "niliwahi kuvunjika". Ulipata jina kwa kuwa kisa cha simba kilikuwa kimeandikwa na mwenyewe, na Fergusson alijua atafute nini. Bila kumbukumbu ile, uaminifu wa Susi na Chuma ungebaki bila ushahidi.

Kulinganisha kukifanywa bila uangalifu, mtu asiye na hatia huangamia. Marekani, jimbo la Arizona, Ray Krone alihukumiwa kifo mwaka 1992 kwa sababu mtaalamu alisema alama ya kung'atwa kwenye mwili wa mtu aliyeuawa ililingana na meno yake. DNA ilimtoa gerezani mwaka 2002. Ngozi hunyooka na kuvimba. Haishiki chapa ya meno kama jasi. Usichanganye kulinganisha jino na rekodi yake, kazi yenye misingi, na kusoma alama za meno kwenye ngozi.

Kwa familia ya Salamabila, basi, kazi haingoji mashine wala mganga wa kuoteshwa. Kijana anapoaga kwenda shimoni, mpige picha akicheka, meno ya juu na ya chini yaonekane, kwenye mwanga wa mchana. Baadhi ya simu, mtu akijipiga kwa kamera ya mbele, hugeuza kulia kuwa kushoto, hivyo awe na nguo yenye maandishi ili tujue kama picha imegeuzwa. Seti ya meno ya bandia ya mzee usiitupe. Kisha chukua daftari, uandike kama Livingstone alivyoandika habari za simba wake: jina lake kamili na la utani, kijiji cha baba yake, na "jino la mbele la juu, upande wake wa kulia, limekatika kona, alianguka na baiskeli akiwa na miaka kumi."