Kwa nini mtoto huogopa kiti cha daktari wa meno

Mzazi anayemfikisha mtoto katika kliniki ya meno kwa kawaida huwa amechelewa. Jino limekwisha kutoboka, shavu limevimba na nyumba nzima haijalala kwa siku mbili. Katika hali hiyo ndipo mtoto hukutana na daktari wa meno kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Wengi hudhani kwamba kilio kinachofuata ni ukaidi au malezi mabaya. Sivyo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hulia kwa kuwa ametenganishwa na mamake na kulazwa chali mbele ya mtu asiyemjua. Wa miaka minne hadi sita huogopa anayoyawaza kuhusu mlio wa mashine ya kuchonga jino na vyuma vyenye ncha. Afikapo miaka minane hivi huweza kufuata maelezo na kuvumilia, mradi hajawahi kuumizwa. Aliyewahi kuumizwa ana yake, kwani mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Lipo jambo la kitabibu ambalo wazazi ni nadra kuelezwa. Dawa ya ganzi haifanyi kazi vyema mahali palipotunga usaha. Maambukizi huongeza asidi katika nyama za ufizi, na asidi hiyo huizuia dawa kupenya hadi kwenye neva. Kwa hivyo, mtoto aliyecheleweshwa huenda akaumia kwelikweli hata baada ya kudungwa sindano, na hofu yake haitakuwa ya kubuni. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza ziara ya kwanza kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, wakati ambapo hakuna cha kutibiwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 nchini Kenya ulionyesha kwamba asilimia 23.9 ya watoto waliochunguzwa walikuwa na meno yaliyooza.

Madaktari nao wana mbinu zao. Tangu 1959, Mmarekani aitwaye Addelston alipoieleza, wengi hufuata kanuni ya hatua tatu: mweleze mtoto kwa lugha yake, mwonyeshe kifaa, pengine kwa kukigusisha ukucha wake, kisha tenda yaleyale uliyosema. Mwaka 1962, Frankl na wenzake walitoa kipimo cha ngazi nne cha kunakili tabia ya mtoto, kuanzia anayekataa katakata hadi anayefurahia. Kipimo hicho kingali kinatumika.

Afrika Mashariki ina mchango wake. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, kulianzishwa mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino bila mashine wala umeme. Ilikusudiwa vijiji visivyo na stima, lakini ikabainika kuwa inawafaa pia watoto wanaotishwa na mlio. Aidha, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha ya dawa muhimu dawa ya fedha na floridi ambayo hupakwa tu ili kusimamisha uozo. Hata hivyo, huacha doa jeusi la kudumu pale palipooza, na mzazi anastahili kuambiwa mapema.

Nyumbani ndiko kunakoharibika mengi. "Usipolala nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano" ni tisho ambalo mtoto hulihifadhi hadi siku ya miadi. Ahadi kwamba "hutaumia hata kidogo" nayo ni mbaya vilevile, maana ikivunjika mara moja mtoto hamwamini tena mzazi wala daktari. Afadhali aambiwe kwamba daktari atayahesabu meno yake, na kwamba akiinua mkono kazi itasimamishwa. Daktari naye aiheshimu ishara hiyo.

Na mkirudi nyumbani, mzazi, usimpe chakula kabla ganzi haijaisha, jambo ambalo huweza kuchukua saa mbili au tatu. Watoto wengi hutafuna mdomo au shavu bila kuhisi, wakaamka kesho yake na kidonda ambacho daktari hakukisababisha lakini atalaumiwa kwacho.