Kisanduku kinachoandika ajali: kinajua nini, na kimwambie nani?

Katika motokari nyingi za siku hizi mna kisanduku kidogo ambacho shofere hakioni. Motokari ikigonga, kisanduku hicho kinaweka akiba habari za sekunde chache za mwisho. Baadaye polisi, asiransi au mkubwa wa kazi anaweza kutaka kuzisoma. Mashofere wengi wanauliza: je, kisanduku hiki ni rafiki au ni mpelelezi? Leo tutaeleza.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Lualaba kuliko wengi. Barabara zetu zinabeba shaba, kobalti, chokaa na asidi, pamoja na bisi, pikipiki, baiskeli na watoto wanaotoka masomo. Tarehe 20 Februari 2019, kwenye barabara kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo yenye asidi sulfuriki iligongana na bisi, na watu wapatao 20 walikufa. Baada ya ajali kama hiyo kila mtu anatafuta ukweli: familia za marehemu, shofere, kampuni na serikali. Basi inafaa tufahamu kisanduku kinaweza kusema nini, na wapi ukomo wake.

KISANDUKU HIKI NI NINI?

Mara nyingi ni sehemu ya kile chombo kinachofungua mifuko ya hewa wakati wa kugonga. Kimefungwa chini, kati ya viti vya mbele au chini ya dashibodi. Safari yote kinapima mwendo, lakini kinafuta kila mara yale ya zamani na kuandika mapya juu yake. Siku motokari inapopigwa kwa nguvu, kinaacha kufuta. Yale ya mwisho yanabaki.

Kwa kawaida yanayobaki ni kama haya: mwendo wa motokari katika sekunde 5 kabla ya kugonga, kama shofere alikanyaga freni, kama alikuwa amekanyaga gesi, kama mkanda wa kiti ulifungwa, nguvu ya pigo, na wakati mfuko wa hewa ulipofunguka. Sekunde 5 ni kitu kidogo, lakini motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita zaidi ya meta 80 katika muda huo.

Kisanduku hiki cha ajali hakichukui sauti yako, hakipigi picha, hakijui ulitoka wapi, na hakijui jina la aliyeshika volani.

TUSICHANGANYE VYOMBO VITATU

Watu wengi wanaita vyombo vyote «kamera ya kampuni». Viko vya namna tatu, na kila kimoja kina mambo yake.

Cha kwanza ni hiki kisanduku cha ajali. Kinanyamaza mpaka motokari igonge.

Cha pili ni chombo cha GPS. Hiki kinatuma habari siku nzima: motokari iko wapi, inakwenda mbio gani, imesimama mahali gani na kwa muda gani. Shofere akipita nyumbani, kanisani au kwa rafiki, kinajua.

Cha tatu ni kamera iliyowekwa mbele ya shofere. Katika migodi mingi ya dunia inatumika kuangalia kama macho yanafumba kwa usingizi. Hiki kinaona uso wa mtu.

Tofauti hii ni ya maana. Kadiri chombo kinavyoingia katika maisha ya mtu, ndivyo mwenye chombo anavyopaswa kueleza zaidi: kinakusanya nini, kwa kusudi gani, kinaweka kwa muda gani, nani anasoma. Ukiwa na chombo cha pili au cha tatu katika motokari yako ya kazi, uliza maswali hayo manne. Si kosa kuuliza.

KINAWEZA KUKUSHITAKI, KINAWEZA KUKUOKOA

Njia ya mwongo ni fupi. Tarehe 2 Novemba 2011, huko Marekani, Tim Murray, naibu gavana wa jimbo la Massachusetts, aligonga na motokari ya serikali. Alisema kwanza kwamba hakupita mwendo na kwamba alifunga mkanda. Kisanduku kiliposomwa, kilionyesha mwendo wa maili 108 kwa saa, yaani karibu kilometa 174, na mkanda haukufungwa. Alilipa faini ya dola 555. Cheo hakikumsaidia mbele ya kisanduku.

Lakini tuchukue mfano wa upande mwingine. Shofere wa pick-up anatoka Fungurume kuja Kolwezi. Pikipiki inakata mbele yake ndani ya vumbi, naye anaigonga. Watu wanakusanyika na kupiga kelele: «Alikuwa anakimbia kama mwenda wazimu!» Kisanduku kikisomwa vizuri, kinaonyesha alikuwa kilometa 58 kwa saa, na alikanyaga freni sekunde mbili kabla. Hapo kisanduku ni shahidi wake. Lakini kama motokari ilivutwa mpaka garaji, ikavunjwa, na chombo kikauzwa kama pièce, shahidi huyo amepotea. Shofere atabaki na maneno yake tu, na familia ya mwenye pikipiki pia haitajua ukweli.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Ilitungwa kabla ya visanduku hivi kuenea, kwa hiyo si humo tutakapopata jibu. Tuangalie sheria nyingine za nchi yetu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi na siri ya mawasiliano yake. Haki hiyo haiguswi ila pale sheria inaporuhusu.

Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Msingi wake ni huu: habari zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zisitumiwe kwa jambo jingine, na mwenye habari aweze kuziona na kuomba zisahihishwe.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 62, inasema mwajiri havunji mkataba wa muda usio na kikomo bila sababu ya haki. Karatasi ya kisanduku inaweza kuwa sehemu ya sababu hiyo. Lakini karatasi inaweza kujadiliwa, kama shahidi yeyote anavyoulizwa maswali.

Mataifa mengine yamekwenda mbali zaidi. Marekani ilitunga sheria mwaka 2015: habari za kisanduku cha ajali ni mali ya mwenye motokari au aliyeikodi kwa mkataba. Mwingine hazisomi bila ruhusa yake au amri ya mahakama, isipokuwa kwa mambo machache, kama kuwasaidia waganga kuokoa aliyeumia. Ulaya imeamuru kwamba tangu tarehe 7 Julai 2024 kila motokari ndogo mpya iwe na kisanduku, lakini maandishi yake yasimtambulishe mwenye motokari.

Hata hivyo mahakimu hawakubaliani kila mahali. Huko Florida polisi walisoma kisanduku siku 12 baada ya ajali bila kibali cha hakimu. Mwaka 2017 mahakama ya rufani ilikataa ushahidi huo. Lakini huko California, mwaka 2013, mahakama ya rufani ilikuwa imekubali ushahidi uliochukuliwa bila kibali.

Angalia jambo moja hapa. Sheria inayosema «habari ni mali ya mwenye motokari» haimlindi sana shofere wa kazi, kwa sababu motokari ni ya kampuni. Kwa shofere, ulinzi unatoka katika sheria ya habari za mtu binafsi. Sheria hiyo haiulizi motokari ni ya nani. Inauliza habari zinamhusu nani.

Sisi wa dispansere tunaifahamu hali hii. Karatasi ya mgonjwa inawekwa katika kabati ya hospitali, na kabati ni ya kampuni. Lakini ugonjwa ni wa mgonjwa. Kapita akija kuuliza fulani anaumwa nini, hatumwambii. Kifungu cha 73 cha sheria ya adhabu kinatupa adhabu tukitoa siri hiyo pasipo sheria kutulazimisha. Tunamwambia tu kama mtu anafaa kwa kazi au hafai. Vivyo hivyo, si kila mwenye ufunguo wa garaji ana haki ya kusoma mwendo wa shofere na kuuhadithia kwenye bar.

SEKUNDE TANO SI SIKU NZIMA

Kisanduku kinapima vizuri, lakini kinaweza kukosea. Mara nyingi kinapata mwendo kutokana na mzunguko wa magurudumu. Magurudumu yakiteleza kwenye matope, au yakifungwa na freni, au kama umeweka pneu za kipimo kingine, mwendo unaoandikwa si sawa na mwendo wa kweli. Umeme ukikatika kwa nguvu ya pigo, maandishi yanaweza kuwa nusu. Ndiyo sababu asomwe na fundi anayekijua, si na mtu yeyote mwenye kompyuta.

Tena, kiko na mambo mengi kisiyoyajua. Hakijui vumbi lilikuwa zito. Hakijui mtoto aliruka barabarani. Hakijui shofere alianza kazi saa ngapi na alilala saa ngapi. Uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anapungukiwa sawa na mtu mwenye gramu 0.5 za pombe katika lita moja ya damu. Kisanduku kitaandika: «Hakukanyaga freni.» Hakitaandika: «Alikuwa ametoka zamu ya usiku.»

Kwa hiyo uchunguzi wa ajali usianze na kuishia kwenye sekunde 5. Pamoja na karatasi ya kisanduku, iletwe karatasi ya zamu, kitabu cha matengenezo ya motokari, picha za barabara na maneno ya walioona. Tukimwadhibu shofere mmoja na kuacha zamu mbaya iendelee, wiki ijayo tutapokea majeruhi wengine.

USIKIGUSE!

Tumesikia shauri baya linalopita kati ya mashofere: «Kiondoe, kate waya, hutasumbuliwa.» Ndugu, usifanye hivyo. Kisanduku na mfuko wa hewa mara nyingi ni chombo kimoja. Ukikata waya wake, siku ya kugonga mfuko hautafunguka, na kifua chako kitakutana na volani. Na ukikorokoroa bila kujua, mfuko unaweza kulipuka usoni pako papo hapo. Unakimbia karatasi, unaingia kaburini.

Vilevile, kuharibu chombo cha kampuni ni kosa la kazi, na kufuta alama baada ya ajali kunafanya hata asiye na kosa aonekane mwenye kosa.

AJALI IKITOKEA

1. Uhai kwanza. Simamisha motokari, zima injini, weka pembetatu, ita msaada. Usimhamishe aliyeumia ila kama kuna moto, asidi au hatari nyingine.

2. Toa habari kwa polisi wa barabara na kwa mkubwa wako. Sema ulichoona na ulichofanya. Usibuni mwendo, kama hukutazama kipimo, sema hukutazama.

3. Omba kwa maandishi kwamba motokari isitengenezwe wala kuvunjwa kabla kisanduku hakijasomwa. Kama mfuko wa hewa haukufunguka, tukio jingine linaweza kufuta maandishi.

4. Kisomwe mbele ya pande zote, au kwa amri ya hakimu. Andika tarehe, jina la aliyesoma na namba ya motokari.

5. Omba kopi yako. Usitie sahihi karatasi usiyoifahamu. Mwite mjumbe wa sendika, na kama kuna mtu aliyekufa au kuumia, tafuta avoka mapema.

6. Hata kama unajisikia mzima, njoo dispansere. Pigo lililoandikwa na kisanduku limepita pia ndani ya mwili wako, na damu ya ndani haionekani kwa macho.

Ukinunua motokari yako mwenyewe, soma kitabu chake. Mara nyingi kinasema wazi kama kisanduku kimo na kinaandika nini.

Ndugu mfanyakazi, funga mkanda, shika mwendo, lala vya kutosha kabla ya zamu. Shofere anayefanya hivyo hana sababu ya kuogopa sekunde zake 5 za mwisho. Nao wanaoshika funguo za visanduku, wakumbuke kwamba kilichomo ni habari ya mtu.